Nilikuwa Nafuta Kioo, Mama Mkwe Akanitazama Usoni

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisaidie upesi kwa sababu kikao ni Jumamosi, na tafadhali sana jina langu usiliandike gazetini kwani mimi ni mtu ninayeheshimika ukweni.

Naishi Chuno hapa Mtwara mjini, nimeoa, na mke wangu ni mzaliwa wa Mahurunga. Mimi ni msomi, mshauri, nisikudanganye, nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na nilikuja Mtwara wakati ule kila mtu alipokuwa anakuja Mtwara kwa ajili ya maneno ya gesi, watu wakajenga majengo ya vioo toka chini mpaka juu wakingoja wapangaji wenye hela, nami nikaajiriwa na kampuni moja ya kuleta vifaa, nikapewa kiti cha kuzunguka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na kitambulisho hicho ndicho nilichovaa siku niliyokwenda kuposa. Haukupita muda mrefu kampuni ikafunga virago, kiti wakakibeba, kitambulisho wakasahau kunidai, nami nikabaki na mke na kitambulisho.

Sasa utaniuliza ilikuwaje mtu wa stashahada akawa msafisha vioo, na mimi mwenyewe huwa najiuliza, kwa sababu hakuna siku niliyoamka nikasema kuanzia leo nafuta madirisha ya watu. Nilikuwa nimevaa tai nangoja usaili mlangoni mwa jengo moja, akawepo bwana mmoja anaitwa Bakari juu ya ngazi anasugua vioo, mwenzake hakuja siku hiyo, akaniomba nimshikie ngazi kidogo, nikamshikia, na usaili ukaahirishwa. Kesho yake nikarudi kuulizia usaili, nikamshikia tena. Siku ya tatu sikuulizia usaili. Akanifundisha kuchanganya siki na maji, akanifundisha kuvuta ule mpira wa kukaushia kwa mkono mmoja bila kuacha mistari, na kwa kuwa huku kwetu upepo unaleta chumvi toka baharini na magari yanaleta vumbi jekundu toka barabarani, kioo ulichokisafisha Jumatatu kinakuita mwenyewe Ijumaa, kwa hiyo kazi haiishi, na mwisho nikanunua ngazi yangu nikawa najitegemea.

Lakini mimi napita tu, mshauri. Tuko wengi tunaopita. Yupo Dickson aliyekuwa anauza bima, yupo Fredi aliyekuwa mwalimu wa shule ya binafsi iliyochoka kulipa walimu, na ukituuliza sote tutakwambia tunashikilia tu hii kazi wakati tunangoja mambo yetu. Bakari peke yake ndiye anayesema hii ndiyo kazi yake. Yeye zamani alikuwa anabeba mizigo ya abiria pale Kilambo wanapovuka mto kwenda Msumbiji, sasa ukilinganisha na kubeba magunia ya watu kichwani nafikiri kioo kwake ni cheo.

Ukweni hawajui. Niliwaambia kwamba baada ya kampuni kufunga nilipata nafasi serikalini, mjomba wa mke wangu akauliza nafasi gani, na sijui neno lilitoka wapi, nikasema niko kitengo cha uwazi. Akafurahi sana akasema nchi hii inahitaji uwazi. Tangu hapo kila asubuhi natoka nyumbani na shati lililopigwa pasi na tai, napitia kwa Bakari, nabadilisha, jioni nabadilisha tena narudi. Mke wangu hajawahi kuniuliza, isipokuwa siku moja alisema ofisi yenu hiyo mbona mnanuka siki, nikamwambia ni dawa ya kufukuza mende kwenye mafaili.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Wewe unajua kwamba huku kusini mkwe ni mkwe. Mama mkwe na mkwewe hawatazamani, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, na mimi ingawa natoka mkoa mwingine nimeishika mila hii vizuri hadi wananisifu. Nikienda Mahurunga navua viatu, nakaa mkekani kwa adabu, yeye akipita anajifunika kanga kichwani anatazama chini, nami natazama chini, tunasalimiana kama watu wawili walioangusha shilingi. Ni mwanamke mwenye huruma sana, aliwahi hata kunitumia dawa ya mizizi kupitia kwa mke wangu kwa ajili ya ukucha wangu wa kidole gumba cha mguu ulioharibika. Lakini tangu nioe hatujatazamana usoni hata mara moja. Sura yake naijua kwenye picha tu.

Juzi Bakari alipigiwa simu na tajiri mmoja wa korosho mwenye nyumba ya ghorofa, binti yao anaolewa, wanataka vioo ving'ae kabla ya harusi. Bakari alikuwa na homa, akaniambia nenda wewe, chukua na ndoo yangu, ile ndoo yake iliyoandikwa jina lake na namba ya simu kwa rangi nyekundu. Nikaenda. Msichana wa kazi alinifungulia geti simu ikiwa sikioni, hata leo ukimuuliza nani aliingia atakwambia iliingia ndoo na ngazi. Akaniambia nianze chini, juu kuna wageni. Lakini mimi fundi najua kazi yangu, vioo huanzia juu ili maji machafu yashuke, ukianzia chini utafuta mara mbili. Nikaweka ngazi, nikavua viatu nisichafue marumaru, nikapanda mpaka roshani ya juu yenye ile milango mikubwa ya kioo toka sakafuni hadi darini, vile vioo ambavyo ukiwa nje unajiona mwenyewe tu. Nikapaka sabuni, nikavuta, nikakausha, kisha kama tulivyofundishwa nikaweka viganja vyangu viwili kando ya macho nikasogeza uso kwenye kioo kutafuta madoa.

Mshauri, ndani hakukuwa na madoa. Ndani alikuwa bibi harusi amekaa kwenye mkeka, na mbele yake kungwi, kanga kiunoni, anamfundisha mambo ya kikubwa kwa vitendo, na kungwi huyo ni mama mkwe wangu. Miguu ikakataa kuondoka. Akageuka, akaniona, akaja mpaka kwenye kioo, tukatazamana pua kwa pua, na nakuapia alinitazama usoni kwa muda wa kutosha, halafu akapiga kelele, "Mpiga chabo! Nkamateni mpiga chabo!"

Hakunijua! Nikashuka ngazi sijui kwa miguu ipi, nikatoka na ngazi na viatu mkononi, ndoo ikabaki.

Jioni simu ikalia, mjomba wa mke wangu. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Nkwe, dada yangu kavunjiwa heshima kule mjini, kuna nfuta vioo kanchungulia akiwa kazini kwake. Ndoo tunayo, ina jina. Bakari. Tumenwita aje Mahurunga Jumamosi, na ndugu wa bibi harusi watakuwepo na hasira zao. Sasa wewe ndiye ntu wetu wa serikali, tena wa uwazi. Uje umhoji." Akaongeza kwamba dada yake mwenyewe, yaani mama mkwe, ndiye aliyesema mkwe wangu asikose, na wamesogeza kikao hadi Jumamosi kwa ajili ya nafasi yangu. Heshima gani hiyo!

Nilikwenda kwa Bakari. Nilimkuta bado ana homa, amejifunika shuka. Hakunigombeza. Alisema, "Mimi sitakutaja. Nikikutaja nitakuwa nimekuvua nguo ukweni, na mtu havuliwi nguo ukweni na rafiki yake. Kaseme mwenyewe." Nikamuuliza nisiposema je? Akageukia ukutani.

Sasa naona kuna njia. Mama mkwe uso wangu haujui, na Jumamosi nitakaa nimeinamisha kichwa kama mila inavyotaka, hawezi kunitambua. Bakari hatanitaja. Nafikiria nimhoji kwa upole, nimwombee apewe adhabu ndogo, kisha baadaye nimsaidie kimya kimya. Najua wakimhukumu kwamba ni mpiga chabo hakuna atakayemfungulia geti tena hapa mjini, na ana familia, lakini yeye amezoea shida kuliko mimi, na mimi nikisema nitapoteza heshima yote na pengine mke. Je, mshauri, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea sana au kidogo?

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Heshima, Chuno.

BI RAHELI ANAJIBU

Marahaba, Mkwe Mwenye Heshima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwa Bakari aliyejifunika shuka sikucheka tena, na hapo ndipo nilipoanza kukukasirikia.

Tuanze na hii kazi unayoionea haya. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hii wala si mbaya. Umeniandikia kurasa nzima za jinsi ulivyoingia kwenye kufuta vioo kana kwamba ulitumbukia kisimani. Hukutumbukia. Ulishika ngazi siku ya kwanza, ukarudi ukashika siku ya pili, siku ya tatu ukaacha hata kuulizia usaili, kisha ukanunua ngazi yako mwenyewe. Mwanangu, mtu anayepita hanunui ngazi! Wewe na Dickson na Fredi mmekaa pale mnapita miaka yote, na mkiulizwa mnasema mnangoja mambo yenu. Mambo gani? Mji huu uliambiwa utajaa hela, wenye majengo wakaweka vioo kama wanaotarajia malaika, hela zikapitia mbali, vioo vikabaki vinachafuka kwa chumvi. Lazima mtu avifute. Anayevifuta analisha mke wake. Aibu iko wapi hapo?

Aibu iko kwenye tai. Mtu mzima unaamka, unapiga pasi shati, unalipeleka kulitembeza mpaka kwa Bakari, unalivua, jioni unalivaa unalirudisha nyumbani. Hilo shati linafanya kazi gani? Na mkeo aliyekwambia mnanuka siki ulimjibu habari za mende. Unafikiri alikuwa anauliza? Mwanamke anayefua nguo zako anajua unakofanya kazi. Alikufungulia mlango useme, wewe ukamletea mende.

Na hicho kitengo chako cha uwazi sitaki hata kukigusa.

Haya, twende juu ya ghorofa. Uliambiwa uanze chini, juu kuna wageni. Ukapanda juu kwa sababu wewe fundi unajua kazi. Kumbe siku unapotaka kukaidi unakuwa fundi, siku unapotakiwa kujieleza unakuwa mpitaji. Kosa lako la kwanza hilo, na ni kosa dogo: hukukusudia, ulikuwa unatafuta madoa, mtu yeyote mwenye akili akielezwa ataelewa. Kama ungerudi jioni ile ile na kusema, leo ungekuwa umeshatozwa kuku na mambo yamekwisha, na Mahurunga nzima wangekuwa wanasimulia kwa kicheko. Wewe ukalichukua kosa la kuku mmoja ukalilea mpaka sasa linataka kumla mtu.

Ngoja nikwambie jambo ambalo wewe msomi wa ugavi hukuliona. Unasema mama mkwe uso wako haujui. Kweli, haujui, amekuheshimu mno. Lakini miaka yote hiyo akipita mbele yako alikuwa anatazama wapi? Umeandika mwenyewe: chini. Na chini kuna nini, wewe uliyevua viatu ukakaa mkekani? Nani alimwambia kuhusu ukucha wako hata akakutumia dawa? Mwanamke yule hakujui sura, anakujua miguu, anaijua kuliko unavyoijua wewe. Na wewe ulisimama peku mbele ya kioo cha toka sakafuni hadi darini.

Usoni alikutazama kwanza, akapiga kelele, kama mwanamke yeyote angefanya. Halafu akatazama chini, kwa mazoea. Simo kichwani mwake, lakini nimeishi na wanawake wa kusini miaka mingi, nami naweza kukwambia kwa nini mama aliyevunjiwa heshima na fundi asiyemjua anasema mkwe wangu asikose, na kwa nini kikao kimesogezwa ili wewe upate nafasi. Ulidhani ni kwa sababu ya cheo! Anakupa siku, mjinga wewe. Anakulindia heshima uliyomvunjia, kwa sababu mila inamkataza kukusemesha, na ameitii hata pale. Anangoja aone kama binti yake ameolewa na mwanaume au na kitambulisho.

Na kama nimekosea, kama kweli hajui lolote, nikuulize basi: ndiyo itakuwa sawa? Umeuliza utakuwa umekosea sana au kidogo. Mtu aliyekufundisha kazi akakupa na ndoo yake, anaumwa homa, anaitwa kijijini kwa watu wenye hasira, anakuambia sitakutaja, na wewe unapanga kwenda kumhoji. Kumhoji! Kwa upole! Kisha umsaidie kimya kimya, baada ya mji mzima kumfungia mageti. Unasema amezoea shida. Shida hazizoeleki, bwana, zinavumiliwa tu, na wanaozivumilia hawajakupa ruhusa ya kuwaongezea yako. Utakuwa umekosea sana. Sana mno. Nimekujibu.

Sasa la kufanya, na usilipunguze.

Leo hii nenda kwa Bakari umwambie kwamba unakwenda kusema. Usimwombe msamaha mrefu, mtu mwenye homa hana nguvu za kusikiliza hotuba. Mpelekee uji na dawa, na umwambie Jumamosi abaki kitandani. Ukitoka hapo rudi nyumbani ukae na mkeo umweleze yote, ukianzia siku ya ngazi, bila mende. Akicheka mwache acheke. Akinuna mwache anune, ana haki zote mbili.

Kesho asubuhi nenda Mahurunga na mkeo. Usingoje Jumamosi, Jumamosi ni siku ya kukamatwa, kesho ni siku ya kukiri. Vaa nguo zako za kazi. Mama mkwe usimfuate wewe, usiongeze kosa juu ya kosa. Mfuate mjomba, kaa chini, mwambie: aliyekuwa kwenye kile kioo ni mimi, sikuwa nachungulia, nilikuwa kazini, kazi yangu ni hii. Neno "napita tu" likikutoka mdomoni, meza. Yeye ndiye atakayempelekea dada yake maneno, ndiyo kazi ya mjomba. Beba doti ya kanga nzuri na kuku, na wakikuongezea faini usibishane. Kisha mwombe mjomba akuongoze kwa wazazi wa bibi harusi ukarudie maneno yale yale, maana na binti yao ana heshima yake na wewe ulimsahau kabisa kwenye barua yako. Watakusema, watakutania mpaka uzeeni, kila harusi utaulizwa kama umeshafuta vioo. Utazoea. Utani ukweni ni nafuu kuliko laana.

Na ndoo ya mwenzio urudi nayo.

Najua unavyofikiri. Unafikiri utaisoma hii, utaikunja, utajipa mpaka Jumamosi uone upepo. Uliniomba nifiche jina lako, nami nimelificha. Lakini kijiji cha wakwe uliniandikia, mtaa unaokaa uliniandikia, na sidhani kama Chuno kuna wafuta vioo wengi wa stashahada waliooa Mahurunga. Gazeti hili linafika kule kesho mchana, na mjomba mpenda uwazi naamini ni msomaji. Jina la Bakari nimeliacha kama lilivyo, kwa makusudi, ili watu wote walisome na wajue kwamba hakuwa yeye.